Jina Lisilolipiwa: Hatima ya Majina ya Vikoa vya Intaneti Baada ya Muda Wake Kwisha

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kutahini tasnifu ya uzamili iliyohusu msamiati wa magazeti ya Kiswahili. Miongoni mwa marejeo ya tasnifu hiyo mlikuwa na anwani kumi na moja za intaneti. Tulizifuata moja baada ya nyingine. Saba zilifunguka, tatu hazikufunguka kabisa, na moja ilifunguka vizuri mno: mahali palipotarajiwa kuwa na mkusanyo wa makala ya magazeti alioutumia mtahiniwa palikuwa na matangazo ya kamari katika lugha ya Kituruki. Anwani ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi. Mtahiniwa hakuwa amekosea hata nukta moja. Kilichokuwa kimebadilika ni mwenye jina.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo hutokeaje. Tutaonyesha jina la kikoa linapitia hatua gani tangu siku linapokosa kulipiwa hadi linapoingia mikononi mwa mtu mwingine, nani hufaidika katika safari hiyo, na ni nini hasa anachokirithi mwenye jina mpya. Huenda msomaji akauliza jambo la kiufundi kama hili linatafuta nini katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu letu ni kwamba wanaisimu na wahakiki wa fasihi siku hizi wananukuu kutoka katika intaneti kama wanavyonukuu vitabu, ilhali kitabu kilichochapishwa mwaka 1958 hakiwezi kugeuka tangazo la kamari kikiwa rafuni.

1.1 Kuhusu istilahi

Neno "kikoa" si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Katika semantiki tumezoea kuzungumzia vikoa vya maana, na kabla ya hapo wazee walijua kula kikoa, yaani kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akiandaa siku yake. Wataalamu waliotafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili walilichukua neno hili kwa ajili ya anwani za intaneti, nasi tunaliona kuwa chaguo zuri. Tatizo lipo kwenye vitenzi vinavyoandamana nalo. Watu husema wamenunua jina la kikoa, nao huliita lao. Kwa kweli hakuna anayelinunua. Jina hupangishwa kwa muda wa mwaka mmoja hadi 10, na mkataba unaweza kuhuishwa tena na tena bila kikomo, lakini haugeuki kuwa umilki. Kitenzi "kununua" ndicho kinachowafanya watu wengi wastaajabu wanapolipoteza jina, kwani mtu haulizwi kodi ya kitu alichokwisha kukinunua. Katika makala haya tutatumia "mwenye jina" kwa maana ya mpangaji, "wakala wa usajili" kwa kampuni inayopokea fedha zake, na "rejista kuu" kwa asasi inayotunza orodha nzima ya majina yenye kiishio kimoja, kama vile .com au .tz.

2.0 Chanzo cha kuisha kwa muda

Hapo mwanzo majina hayakuwa na muda wa kuisha. Kabla ya mwaka 1983 kompyuta zote zilizounganishwa katika mtandao wa utafiti wa Marekani ziliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa kwenye taasisi ya utafiti huko Menlo Park, California, na kila kituo kilichukua nakala yake. Mtandao ulipokua, faili hilo lilielemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akishirikiana na Jon Postel, alibuni mfumo wa majina uliogawanyika katika ngazi, ambamo kila ngazi hujua tu ni nani wa kuulizwa kuhusu ngazi iliyo chini yake. Mfumo huo ndio unaotumika hadi leo. Jina la kwanza lenye kiishio cha .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, na mwenyewe hakutozwa kitu.

Hali hiyo ilidumu kwa miaka kumi. Mnamo Septemba 1995 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani uliiruhusu kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na kandarasi ya usajili, kuanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Siku hiyo ndiyo kuisha kwa muda kulipozaliwa. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kuwa majina hufa kwa sababu za kiufundi. Hakuna kitu chochote katika mashine kinachodai jina life. Linakufa kwa sababu lina ada, na kila chenye ada kina siku ya kudaiwa.

Mwaka 1998 iliundwa ICANN, asasi isiyo ya kibiashara yenye makao yake California, ili isimamie mfumo mzima, na kuanzia mwaka 1999 mawakala wengi waliruhusiwa kushindana katika usajili. Rejista kuu ya .com ilibaki na kampuni moja, VeriSign, iliyoinunua Network Solutions mwaka 2000. Kuanzia Septemba 2024 VeriSign iliwatoza mawakala dola 10.26 kwa kila jina la .com kwa mwaka. Ni fedha kidogo, na udogo wake ni sehemu ya tatizo: deni la dola kumi halina mtu wa kulikumbuka katika ofisi kubwa.

3.0 Safari ya siku themanini

Hebu tulifuate jina moja la .com ambalo mwenyewe hakulilipia. Sera ya ICANN iliyoanza kutumika mwaka 2013 inamtaka wakala kumwarifu mwenye jina takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, kisha takriban juma moja kabla, na mara nyingine tena katika siku 5 baada ya kwisha. Taarifa hizi huenda kwa anwani ya barua pepe iliyoandikwa siku ya usajili. Ikiwa jina lilisajiliwa na mtaalamu wa kompyuta aliyekwisha kuacha kazi, au na mfadhili ambaye mradi wake umefungwa, barua hizo humfikia mtu asiyehusika tena, au hazimfikii mtu yeyote. Kuna na kichekesho hapa: mara nyingine anwani hiyo ya barua pepe imejengwa juu ya jina lile lile linalokufa, hivyo jina likizimwa, taarifa ya kuzimwa kwake haina pa kufikia.

Siku muda unapokwisha, jina halifutwi. Kinyume cha matarajio ya wengi, rejista kuu hulihuisha yenyewe kwa mwaka mmoja zaidi na kumdai wakala. Wakala hupewa siku 45 za kuamua: akilifuta jina katika muda huo, hurudishiwa fedha zake. Kwa hiyo mtu anayechungulia katika rejista katika siku hizo anaweza kuona tarehe ya mwaka ujao na kujidanganya kuwa mambo ni shwari. Katika kipindi hicho wakala hulikatiza jina lisifanye kazi, na kwa kawaida hulielekeza kwenye ukurasa wa matangazo. Sera inamtaka alikatize kwa siku 8 angalau kabla ya kulifuta, ili mwenyewe azinduke. Huu ndio wakati ambapo simu huanza kupigwa na watu kuulizana kwa nini tovuti haifunguki.

Wakala akiamua kulifuta, jina huingia katika kipindi cha kukombolewa ambacho ni siku 30. Kipindi hiki kilianzishwa katika .com mwaka 2003, baada ya malalamiko mengi ya watu waliopoteza majina yao kwa kusahau au kwa makosa ya karani. Mwenye jina bado anaweza kulirejesha, lakini sasa hulipa fidia ambayo mara nyingi huzidi dola 80 juu ya ada ya kawaida. Siku hizo 30 zikipita, hufuata siku 5 za kusubiri kufutwa, na katika siku hizo hakuna awezaye kufanya lolote, si mwenye jina, si wakala. Baadaye jina hufutwa na kuwa huru kwa yeyote atakayewahi. Ukijumlisha 45, 30 na 5 unapata siku 80, ingawa wakala akifanya haraka safari huwa fupi zaidi.

Kanuni hizi zinahusu viishio vya jumla vinavyofungwa na mikataba ya ICANN. Viishio vya nchi vina taratibu zake. Anayetumia .tz hufuata masharti ya rejista kuu ya Tanzania, na anayetumia .ke hufuata ya KENIC ya Nairobi. Siku za neema na ada za kukomboa zaweza kutofautiana na hizi tulizozitaja. Mwenye jina hana budi kuyasoma masharti ya kiishio chake.

4.0 Wawindaji

Majina ya .com yanayofutwa huachiwa kila siku kuanzia takribani saa nane mchana kwa saa za Mashariki ya Marekani, yaani saa tatu au saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki kutegemea majira. Binadamu hawezi kushiriki katika kinyang'anyiro hicho kwa vidole vyake. Jina lenye thamani huchukuliwa katika sehemu ndogo ya sekunde na kompyuta zilizokuwa zikiliomba mfululizo. Kwa kuwa rejista kuu humpa kila wakala aliyeidhinishwa idadi maalumu ya njia za kuwasilisha maombi, kampuni za uwindaji zimejisajili kama mawakala wengi kwa wakati mmoja. Baadhi yao zina vibali kwa mamia, vyote vya bwana mmoja, vikiwa na majina tofauti lakini kazi moja. Msomaji akiiona orodha ya mawakala wa ICANN asidhani basi kwamba urefu wake ni kipimo cha ushindani.

Hata hivyo majina mazuri mno huwa hayafiki huko. Mawakala wakubwa waligundua mapema kwamba hakuna haja ya kulifuta jina ambalo lina mnunuzi. Ndani ya zile siku 45 jina hupigwa mnada. Mshindi akilipa, na mwenyewe akiwa hajatokea, wakala hubadilisha tu jina la mpangaji katika kumbukumbu zake. Jina halijafutwa wala halijasajiliwa upya. Tarehe yake ya kuzaliwa hubaki ile ile ya zamani, na tarehe hiyo huongeza bei. Kwa maoni yetu huu ndio mlango mkuu wa biashara hii, na ndio unaopaswa kuwashughulisha watunga sera kuliko wawindaji wa usiku. Wakala aliyepewa jukumu la kumkumbusha mwenye jina alipe ndiye huyo huyo atakayefaidika zaidi mwenye jina asipokumbuka.

Upo mchezo mwingine uliokomeshwa, nao tutautaja kwa ufupi. Kila anayesajili jina jipya ana siku 5 za kulirudisha na kurejeshewa fedha. Walitokea watu waliosajili majina kwa mamilioni, wakayawekea matangazo, wakapima kwa siku 5 yapi yanatembelewa, kisha wakayarudisha yasiyo na faida. ICANN ilipoweka kikomo cha marejesho hayo, tendo hilo lilipungua kwa asilimia 99.7 kati ya Juni 2008 na Aprili 2009. Ni mara chache sera huonekana kufanya kazi waziwazi namna hii.

5.0 Anachokirithi mwenye jina mpya

Ingekuwa jina ni herufi tupu, biashara yote hii isingekuwapo. Anayelichukua jina lililoachwa huchukua pamoja nalo mahusiano yote ambayo watu wengine walikuwa wameyajenga juu yake bila kujua kwamba mwenyewe amekwenda zake.

La kwanza ni viungo. Tovuti ya chama cha waandishi iliyodumu miaka kumi huwa imetajwa na vyuo, magazeti na maktaba. Mitambo ya kutafutia habari huhesabu kutajwa huko kuwa ushahidi wa kuheshimika. Mrithi huandika humo habari za mikopo au kamari, naye hupandishwa juu kwa heshima isiyokuwa yake. Machi 2024 Google iliorodhesha rasmi matumizi ya namna hii miongoni mwa udanganyifu unaoadhibiwa, lakini mkusanyo wetu wa magazeti ulikuwa umekwisha kugeuzwa.

La pili, ambalo ni zito zaidi, ni barua. Jina la kikoa ndilo linalofuata alama ya @ katika anwani ya barua pepe. Anayelimiliki anaweza kuagiza kwamba kila barua inayotumwa kwa mtu yeyote chini ya jina hilo imfikie yeye. Mwaka 2018 mtafiti mmoja wa usalama nchini Australia alisajili upya majina yaliyoachwa na ofisi za mawakili zilizokuwa zimeungana na nyingine, akaanza kupokea nyaraka za siri za wateja waliokuwa wakiendelea kuandika kwa anwani walizozizoea. Hakuvunja mlango wowote; alilipa ada tu.

La tatu ni funguo. Karibu kila huduma ya intaneti humruhusu mtumiaji aliyesahau neno lake la siri kuletewa jingine kwa barua pepe. Mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti. Mei 2022 mtu fulani aliona kwamba jina la kikoa lililobeba barua pepe ya mtunzaji wa programu ndogo iitwayo ctx, iliyohifadhiwa katika hazina ya PyPI ya lugha ya Python, lilikuwa limekwisha muda. Akalisajili, akaomba neno jipya la siri, akaibadilisha programu ile ili iwaibie siri watu walioipakua. Mwaka 2025 hazina hiyo ilianza kukagua majina ya vikoa ya watumiaji wake na kuzitilia shaka anwani ambazo majina yake yameingia katika kipindi cha kukombolewa. Hapa siku 30 za ukombozi tulizozieleza zimepata kazi mpya ambayo waasisi wake hawakuifikiria: zimekuwa kengele ya hatari.

La nne ni mashine zinazouliza maswali bila kusimamiwa na mtu. Kisa kinachofundisha zaidi ni cha kiishio cha .mobi. Seva iliyokuwa ikijibu maswali kuhusu wenye majina ya .mobi ilikuwa chini ya jina dotmobiregistry.net. Baadaye huduma ilihamishiwa jina jingine, na lile la kale likaachwa life Desemba 2023. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya watchTowr walilisajili kwa takriban dola 20, wakaweka seva yao hapo. Katika siku chache mifumo zaidi ya 135,000 ilikuja kuwauliza maswali, ikiwamo ya serikali, ya majeshi na ya kampuni zinazotoa vyeti vya usalama wa tovuti. Hizi za mwisho ndizo zilizotisha, kwa sababu zilikuwa tayari kukubali kutoka kwa seva hiyo anwani ya barua pepe ya kuthibitishia nani mwenye jina. Laiti mhalifu angetangulia, angeweza kujipatia cheti cha tovuti ya mtu mwingine. Asasi yenye kazi ya kutunza majina ilikuwa imesahau jina.

5.1 Si wanyonge tu

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba wanaopoteza majina ni vyama vidogo na watu binafsi. Kumbukumbu zinakataa. Desemba 1999, katika siku za Krismasi, kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia dola 35 za passport.com, na watumiaji wa barua pepe za Hotmail wakashindwa kuingia. Mtaalamu mmoja wa programu asiyehusika na kampuni hiyo aliilipa ada hiyo kwa kadi yake mwenyewe. Februari 2004 gazeti la Washington Post liliachia washpost.com ikatike, na wafanyakazi wake wakakaa kwa saa kadhaa bila barua pepe.

Visa hivyo viwili huweza kusimuliwa kwa kicheko. Kisa cha Juni 2016 hakichekeshi. Kampuni ya Sorenson Communications ya Marekani huwawezesha viziwi kupiga simu kwa lugha ya alama kupitia wakalimani wanaoonekana katika video. Jina lake moja la kikoa halikuhuishwa. Huduma ikakatika, na pamoja nayo uwezo wa watumiaji hao kupiga simu za dharura. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa jumla ya takriban dola milioni 3, sehemu kubwa ikiwa ni kurudisha fedha za umma ilizopokea kwa huduma ambayo haikutolewa, na iliyobaki faini. Tukumbuke kwamba kosa lenyewe lingeepukwa kwa ada ambayo haifikii nauli ya teksi.

6.0 Kiishio kinapokufa

Hadi hapa tumezungumzia jina moja moja. Lakini hata kiishio kizima kinaweza kufikia mwisho wake. Viishio vya nchi hufuata orodha ya kimataifa ya alama za herufi mbili za nchi, na nchi ikibadili jina au ikisambaratika, alama yake huondolewa. Zaire ilikuwa na .zr. Mwaka 1997 nchi hiyo iliporudishiwa jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipewa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Yugoslavia ilikuwa na .yu, kiishio chenye matumizi makubwa zaidi. Wenye majina walihamia .rs ya Serbia na .me ya Montenegro, na mwezi Machi 2010 .yu ikazimwa. Yaliyokuwa yameandikwa humo kuhusu vita na maisha ya miaka ya 1990, na ambayo hayakuhamishwa na mtu, yalipoteza anwani kwa siku moja.

Lipo hata hivyo jambo la kuliwaza katika mauti ya namna hii. Kiishio kikifutwa hakuna wa kukirithi isipokuwa alama yake ikigawiwa upya. Anayefuata anwani ya .zr leo hapati kitu, na kutopata kitu ni jibu la kweli. Kwa mtafiti, anwani iliyokufa ina madhara madogo kuliko anwani iliyofufuliwa na mwingine.

7.0 Marejeo ya kitaaluma

Turudi sasa katika uwanja wetu. Mwaka 2011 Jaji Samuel Alito wa Mahakama Kuu ya Marekani, katika maoni yake kwenye kesi iliyohusu michezo ya video na watoto, alitaja ukurasa mmoja wa intaneti. Jina la kikoa la ukurasa huo lilikwisha muda. Aliyelichukua aliweka hapo ujumbe wa kejeli ulioelekezwa kwa wasomaji wa hukumu, akiwaonyesha jinsi habari za intaneti zisivyodumu. Ujumbe huo ulisomwa na mawakili wengi waliofuata rejeo la jaji. Utafiti wa Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig wa Chuo Kikuu cha Harvard uligundua kwamba takriban nusu ya anwani zilizotajwa katika hukumu za Mahakama hiyo hazikuwa tena na habari zilizokusudiwa, na katika jarida la sheria la chuo hicho kiwango kilizidi asilimia 70. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Si zote zilizopotea kwa kuisha kwa majina. Nyingi zilifutwa au kuhamishwa na wenyewe. Lakini zile zilizopotea kwa njia ya jina ndizo zinazoweza kurudi zikiwa na sura nyingine.

Tumaini la wengi ni Hifadhi ya Intaneti iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, ambayo nakala zake zilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Tumaini hilo lina msingi, ila lina historia ambayo watafiti wachache wanaijua. Kwa miaka mingi Hifadhi hiyo iliheshimu faili dogo ambalo mwenye tovuti huliweka kuziambia mashine zisiingie, na iliheshimu amri hiyo hata kwa nakala za zamani. Matokeo yake, mfanyabiashara aliyechukua jina lililokwisha muda na kuweka faili la kuzuia aliweza kufunga nakala za miaka iliyotangulia, za mtu ambaye hakumjua kamwe. Mtu alikodi jina la leo akapata mamlaka juu ya jana. Mwaka 2017 Hifadhi ilieleza kwamba utaratibu huo haufai kwa kazi ya uhifadhi na kwamba inaachana nao hatua kwa hatua.

Wengine wanategemea vitambulisho vya kudumu kama DOI, ambavyo huyapa makala namba isiyofungamana na tovuti ya mchapishaji. Tunaviunga mkono, kwa tahadhari moja. Namba hiyo huwa na manufaa kwa msomaji pale inapopitia jina la kikoa doi.org, na jina hilo nalo lina ada. Tarehe 20 Januari 2015 kuhuishwa kwake kuliingia dosari, na kwa muda viungo vya makala ya kitaaluma duniani kote vikashindwa kufanya kazi. Kasoro ilirekebishwa upesi, lakini athari zake zilichelewa kuisha kwa sababu mtandao hukumbuka majibu ya zamani kwa saa nyingi.

Kwa taaluma za Kiswahili suala hili lina uzito wa pekee. Mengi ya yaliyokusanywa kuhusu lugha hii katika intaneti yametokana na miradi yenye ufadhili wa miaka mitatu au mitano, na jina la kikoa likalipiwa na mradi. Mradi unapofungwa hakuna kifungu cha bajeti kinachoitwa dola kumi za kila mwaka. Miradi mingine iliyoanza chini ya anwani ya chuo kikuu ililazimika kuhama na kupanga jina lake yenyewe. Kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ni mfano mashuhuri, na kila aliyeinukuu kwa anwani ya Yale alibaki na rejeo la kale. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba mkusanyo wowote wa data za lugha uwekwe chini ya jina la chuo au maktaba, na si chini ya jina lililobuniwa kwa ajili ya mradi, hata kama jina hilo linapendeza zaidi katika ripoti kwa wafadhili. Palipo na jina la mradi, liandikwe katika daftari la mali za idara pamoja na tarehe ya kuisha muda wake, na barua pepe ya usajili iwe ya ofisi, isiwe ya mtu. Na mradi ukifungwa, jina lisiachwe. Ni nafuu kuendelea kulilipia kwa miaka mingi likiwa halina kitu kuliko kulitoa kwa asiyejulikana.

Kuhusu wanafunzi, tarehe ya kusoma ukurasa haitoshi. Tarehe humwambia msomaji kwamba mtafiti aliona kitu, haimwonyeshi alichokiona. Mtafiti aombe nakala ihifadhiwe siku ile ile anayonukuu, ama katika Hifadhi ya Intaneti ama katika huduma kama Perma.cc iliyoanzishwa na maktaba ya sheria ya Harvard mwaka 2013, na anwani ya nakala iandikwe kando ya anwani ya asili. Pale ambapo data ndiyo msingi wa hoja, zichapishwe katika viambatisho.

Mtahiniwa wetu hakuwa amefanya hivyo, lakini alikuwa na mazoea ya kizamani: alikuwa amepiga chapa kurasa alizozitumia na kuzitunza katika jalada. Tulipomwandikia alizileta zote, kurasa 64, zikiwa na anwani na tarehe katika pembe ya chini ya kila karatasi. Zimejalidiwa pamoja na nakala ya tasnifu iliyoko maktabani. Kwa kadiri tulivyoweza kutafuta, hakuna nakala nyingine ya mkusanyo ule.